Waridi Halikatwi Kama Kahawa

Mtu akisimama mbele ya kitalu changu pale Pasua, Moshi mjini, na kuniambia anataka waridi jekundu, namuuliza: jekundu la aina gani? Wengi hudhani nawafanyia dhihaka. Kwao rangi ndiyo aina. Jekundu, jeupe, la njano, basi, habari imekwisha. Mimi sina haraka nao. Nawaketisha kwenye kiti cha plastiki chini ya neti, nawapitisha mche mmoja baada ya mwingine, na yule mwenye kiherehere cha kutazama saa namwacha aende zake. Atarudi tu. Ua likipandwa mahali pasipolifaa hunyauka msimu huohuo, na mwenye nalo hurudi kwangu akiwa mpole.

Nimeishi na mawaridi zaidi ya nusu ya umri wangu, na kwa hili sioni haya kujisifu. Liko waridi la bua, lenye bua moja refu na ua moja kubwa kichwani. Hilo ndilo maharusi wanalolililia, na lina maringo: usipolipogoa na kulipigia dawa ya ukungu linakununia. Liko la vishada, linalotoa maua mengi ya wastani kwa pamoja na kuendelea kuchanua hata ukilisahau. Hilo nawauzia wavivu, na nawaambia hivyohivyo machoni. Liko la kupanda, ambalo ukilinyima nguzo au ukuta linajilaza chini na kuwakamata watu nguo. Yako madogo ya kwenye makopo, mazuri kwa wenye kibaraza bila kiwanja. Na liko la zamani, lenye petali nyingi zilizosongamana, ambalo mabibi wa Kihindi pale mjini hulichagua kwa pua. Wananusa kwanza, ndipo wanauliza mengine. Hilo naliita la marashi.

La mwisho ni la mwitu, nalo siliuzi, ingawa karibu kila mtu huondoka nalo bila kujua. Miwaridi mingi mizuri ni ya kubebesha, kama parachichi zetu za siku hizi. Chini kuna mche wa mwitu, mgumu, wenye mizizi isiyojali udongo mbaya, na juu yake limebandikwa jicho la mwaridi ule unaoutaka. Wawili hao huishi pamoja kwa amani mradi yule wa chini akae chini. Siku akipata nafasi ya kuchipua, humnyonya mwenzake mpaka akafa. Kila mnunuzi namwonyesha lile fundo pale shinani na kumwambia: chipukizi lolote linalotoka chini ya hapa ni adui, ling'oe. Naweza kuwa nimewaambia hivyo watu wa nusu ya Moshi. Aliyekuwa hajaambiwa ni mdogo wangu wa mwisho, na ndiye aliyekuwa akiishi na mwaridi ulio muhimu kuliko yote.

Mwaridi huo ulikuwa wa mama, kule nyumbani Machame, juu mlimani, mbele ya kibaraza, hatua chache kutoka kaburi la baba. Baba alikuwa fundi seremala. Alikuwa amemaliza kutengeneza milango ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini, na mke wa mfanyabiashara huyo akampa mwaridi wa kubebesha ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Nyumbani mama alikuwa ametoka kujifungua mtoto wake wa mwisho, huyo mdogo wangu. Mama mzazi kwetu huletewa vitu vya maana: mtori, supu, mafuta, mbuzi mwenyewe kama mtu anajiweza. Baba akaingia na kopo la miiba. Mama alisimulia habari hiyo maisha yake yote, na kila mara alicheka mpaka akashika ubavu, kwa jinsi bibi yangu mzaa baba alivyolitazama kopo lile na kuuliza kama litapikwa au litachomwa.

Ulikuwa mwaridi wa bua, mwekundu uliokolea, na tofauti na miwaridi mingi ya bua ya sasa, ulikuwa na harufu. Siwezi kuieleza vizuri harufu hiyo, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Baba alipofariki, mama alijiwekea desturi. Krismasi, watoto na wajukuu wote wakishapanda nyumbani kutoka huko waliko, yeye hukata ua moja, hulinusa, huliweka kaburini, halafu ndipo watu wanaruhusiwa kula. Macho yake yalipoanza kufifia, hata asiweze tena kutofautisha uso wangu na wa dada zangu mpaka tuseme, desturi ile haikubadilika. Aliufikia mwaridi kwa kupapasa, akalitambua ua kwa pua.

Sasa nimseme mdogo wangu. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwa utaratibu wa kwetu ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, kihamba chote cha migomba na kahawa, ng'ombe wa maziwa, na mama. Ni mchapakazi, na kwa kahawa hana mpinzani upande ule wa mlima. Mbuni ukizeeka na kuacha kuzaa, huukata kisiki, hungoja machipukizi yatokeze chini, huchagua matatu yenye nguvu, hung'oa mengine, na baada ya muda ana mti mpya unaoinama kwa matunda. Nimeuona mkono wake na ninausifu.

Mwaka juzi, kahawa ilipokwisha kuvunwa, alikuwa anakata mibuni mizee ya karibu na nyumba. Akautazama mwaridi wa mama. Shina limekuwa gumu na lina magamba, matawi yamekwenda juu, maua yamepungua. Akaona nao umezeeka. Hakunipigia simu. Akaukata kisiki kama alivyokata kahawa, chini kabisa, chini ya fundo, akafagia, akangoja. Machipukizi yakatoka. Akachagua matatu yenye nguvu.

Nilipanda nyumbani Pasaka. Alinipokea getini, akaniamkia, nami sijamaliza kuitikia marahaba akanishika mkono kunipeleka nikaone alivyoufufua mwaridi wa mama. Ulikuwa umestawi kweli, umenifika kiunoni. Nikainama nikashika jani. Jani la mwaridi wa mama lilikuwa na vijani vitano, vipana, vya kijani kizito. Hili lilikuwa na saba, vyembamba, vimepauka. Nikaliachia.

Nilimwambia palepale, kwa sauti ambayo labda ingefaa kupunguzwa, kwamba mwaridi wa mama umekufa na huu ni mche wa mwitu uliokuwa umeubeba. Akabisha. Akasema mti ni uleule, mizizi ni ileile, mtu akinyoa nywele hawi mtu mwingine. Nikamuuliza juu ya parachichi zake za kubebesha: akizikata chini ya pale alipobebeshea, zitazaa nini? Jibu alilijua. Lakini ni mwanamume mwenye miaka yake, nami, dada yake mkubwa, nilikuwa nimemkaripia mbele ya mke wake. Akasema tungoje utoe ua ndipo tuhukumu.

Mama alikuwa ameketi kibarazani, amesikia yote. Alisema naam, tungoje ua.

Tukangoja masika yote na baridi yote. Kabla ya mvua za vuli mdogo wangu akanipigia kusema umechanua, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo nikajua. Nilipofika nilikuta vishada vya maua meupe madogo, kila moja petali tano tu, mepesi, ya kuvutia nyuki. Kwa mtu asiyejua yangekuwa maua mazuri. Mdogo wangu alikata moja akampa mama. Mama akalipeleka puani, akavuta pumzi, akaligeuza, akavuta tena.

"Huyu simjui," akasema, akamrudishia.

Ingekuwa nafuu angefoka. Alikihamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba, unaotazama zizi, na tangu siku hiyo akaacha kupokea chochote kutoka mkononi mwa mdogo wangu. Maziwa ya asubuhi, ambayo mdogo wangu humpelekea mwenyewe akishakamua, aliyapokea kwa mke wake tu. Alimwagiza mkewe huyo amwambie asishike tena kitu chake kwa panga. Mwanamume mzima akawa anazunguka nyumba yake kama mgeni asiyejua mlango uko wapi. Nilikuwa na hasira naye, lakini nilimwonea huruma, na vyote viwili havikupunguzana.

Nikaamua kutafuta mwaridi mwingine wa aina ile. Mimi si wa kukaa nikilia juu ya mmea wakati nina kitalu kizima. Nilimpandishia mama maua mekundu ya kila aina. Nilimpa la bua, la kisasa, jekundu pyu, ambalo hoteli zinaligombania. Akaligusa petali akalisifu kwa umbo, kisha akauliza mbona halina kitu ndani. Nilimpa la vishada. Alisema linanukia chai. Nilimpa la marashi, nikiwa na tumaini, maana lile lina harufu ya kujaza chumba. Alilishika kwa muda mrefu, nikajua anataka kunifurahisha.

"Zuri sana, mwanangu. Mpelekee mwenye nalo."

Nilishuka mjini kwenye nyumba ile ya milango ya baba. Milango bado ipo, na mjukuu wa yule mama aliyetoa kopo alinikaribisha vizuri, akanipa chai ya maziwa na viungo. Bustani ya bibi yake walikuwa wameisakafia kwa vitofali ili magari yapate mahali. Alikumbuka miwaridi hiyo, alikumbuka hata kuchomwa na miiba yake. Haikubaki hata mmoja. Nilimuuliza pia mdogo wangu matawi aliyoyakata aliyapeleka wapi, kwa sababu kijiti cha mwaridi kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huweza kuota. Akasema aliyatupa, hakumbuki wapi. Krismasi ile watu walikula bila ua kuwekwa kaburini. Mama alikaa upande wa zizi, na wajukuu walizungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Kule kwetu maji ya mfereji hushuka kutoka juu ya mlima na kupita shamba kwa shamba, na kila mwaka kabla ya mvua wenye mfereji hutoka pamoja kuusafisha, kila mtu kipande chake. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa anasafisha pale mfereji unapoingia kwenye kihamba chetu, chini ya masale, mimea tuliyoipanda kuwa uzio wa mpaka. Masale yetu ni mazito, majani marefu yamebanana, na yaliwahi kuwa na tundu ambalo kuku wa jirani walilitumia kuja kuchakura kitalu cha mboga cha mdogo wangu. Akaingiza mkono kuvuta takataka, akachomwa na mwiba.

Sale haina mwiba. Alinisimulia kwamba alikaa chini matopeni akiutazama mkono wake, na ndipo akili ikamrudi. Yale matawi hakuyatupa. Aliyakata vipande akayachomeka kwenye tundu lile, kwenye tope la mfereji, kuzuia kuku.

Alipanua majani ya masale. Kulikuwa na vijiti vingi vikavu, na kimoja kilichoota, chembamba, kimenyimwa jua, kirefu kwa kulitafuta. Zamani angekivuta akimbie nacho. Safari hii hakukigusa. Alihesabu vijani, akaona vitano, vipana, akakifunika kwa kreti ya soda ili mtu asije akakifyeka, akanipigia simu palepale, matope yakiwa bado mikononi.

Nilipanda mchana huohuo. Nilipiga magoti kwenye tope, kwa sketi yangu ya mjini, nikatazama chipukizi changa kwenye ncha: wekundu wa zambarau, miiba iliyopinda kidogo kuelekea chini. Nilijua. Lakini mwenye kujua kwa pua alikuwa mama, na nilimwambia mdogo wangu tufanye taratibu. Tupunguze masale ili jua liingie, tusiuhamishe mpaka uwe na nguvu, nami nichukue vijiti viwili vitatu nikaviotesha Pasua, kwa sababu kitu unachokipenda hakiachwi kuwa kimoja. Mama tusimwambie mpaka uchanue. Tukimpa tumaini halafu likawa si lenyewe, tutakuwa tumemuumiza mara mbili.

Alinisikiliza yote, akikubali kwa kichwa. Halafu akanyoosha mkono, akachuma jani moja la sale, akalifuta tope kwenye suruali yake.

"Dada, safari hii singoji ua," akasema.

Asiye wa kwetu anaweza asielewe uzito wake. Mtu aliyekosa akimpelekea mwenziwe jani la sale, mabishano yamekwisha. Anayepelekewa hupokea, hata kama moyo unamwaka. Ndiyo maana mtu halipeleki ovyo. Kulipeleka ni kusema nilikosa, bila maelezo, bila kahawa wala parachichi. Mwaka mzima mdogo wangu alikuwa na maelezo.

Nilimfuata kwa nyuma mpaka upande wa zizi. Alichuchumaa mbele ya kiti cha mama, akaweka lile jani kwenye viganja vyake. Mama alilipapasa kutoka shinani mpaka kwenye ncha, taratibu, na nilimwona alipolitambua, maana alilipapasa tena tangu mwanzo. Mimi, mwenye mdomo huu, karibu niseme jambo. Kisha akalikunja jani akaliweka kwenye mfuko wa kitenge chake.

"Kesho niletee maziwa," akamwambia. "Mkeo huyachelewesha yanapoa."

Habari za kijiti hatukumwambia. Mdogo wangu hakutaka msamaha wake uegemee ua.

Miezi iliyofuata nilipanda Machame mara nyingi kuliko kawaida, nikimfundisha. Sikumfundisha kwa kelele kama Pasaka ile. Nilimwonyesha kwamba mwaridi hupogolewa juu ya jani lenye vijani vitano, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, na mkato uwe mshazari ili maji yasitulie. Alishika upesi, kama nilivyotegemea, kwa sababu mkono wa kahawa ni mkono mzuri, ulikuwa umekosea mti tu. Kitu kimoja sikumwambia. Mwaridi huu mpya umeota kwa mizizi yake mwenyewe, hauna mche wa mwitu chini yake. Kwa hiyo chipukizi lolote litakalotoka shinani ni lake halisi, na hata akiukata kisiki kama kahawa utarudi vilevile. Nitamwambia siku moja. Kwa sasa napenda anavyouogopa.

Krismasi iliyopita tulijaa nyumbani. Asubuhi mdogo wangu alinivuta pembeni tukaenda kwenye masale. Lilikuwepo moja, limefunguka nusu, bado lina umande, jekundu lile lililokolea. Nilikuwa na mkasi wangu mfukoni, ule ambao simpi mtu. Nikautoa nikampa. Alikata, mshazari, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa mama, ambaye alikuwa amezungukwa na wajukuu akiwauliza majina. Wajukuu wakampisha.

Aliliweka mkononi mwake. Mama hakulipeleka puani mara moja. Alitelemsha vidole kwenye bua mpaka mwisho, akaugusa mkato.

"Nani amekata?"

"Mimi, mama."

"Kwa panga?"

"Kwa mkasi wa dada. Juu ya vijani vitano."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Ndipo akaliinua akalinusa, na nikaona mabega yake yakishuka, yale mabega aliyoyakaza tangu siku ya maua meupe. Mimi nililia waziwazi mbele ya wajukuu wote na sijali.

"Ndiye," akasema.

Akamtafuta mdogo wangu kwa mkono mpaka akampata shavu, akamrudishia ua.

"Leo mpelekee wewe baba yako. Mwambie mlichelewa njiani, lakini mmefika wote wawili."